Kuomba Msaada wa Ada Katika Shule ya Msingi ya Kanisa, Moshi: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa kamati ya elimu katika parokia moja hapa Moshi, upande wa kupandia mlimani. Kila Januari, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, benchi lililo nje ya ofisi ya parokia lilijaa kina mama. Kila mmoja alikuwa na bahasha mkononi, na ndani yake karatasi kutoka shuleni: mtoto asirudi mpaka ada ya awamu ya kwanza ilipwe. Wengi wao walistahili kusaidiwa. Wengi wao pia walikuwa wamechelewa, kwa sababu fedha tulizokuwa nazo tulishazigawa Novemba.

Ukisoma aya moja tu ya mwongozo huu, soma hii: msaada wa ada huombwa kabla mtoto hajaanza kudaiwa. Anayekuja Septemba anaomba nafasi. Anayekuja Februari anaomba kulipiwa deni, na deni halina mfuko.

Kwanza ujue shule ni ya nani

Hatua hii watu huiruka, halafu wanapoteza miezi miwili wakigonga mlango usio wao.

Huku Kilimanjaro kanisa na shule vimekaa uwanja mmoja tangu zamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1890 na ya Kibosho mwaka 1893, na kila walipojenga kanisa walijenga na darasa. Lakini Serikali ilizitaifisha shule nyingi za namna hiyo kati ya 1969 na 1970. Ndiyo maana utakuta shule ya msingi imepakana na kanisa, kengele moja inasikika kote kuwili, na bado ni shule ya Serikali ambayo haina ada. Shule za msingi za Kanisa zinazotoza ada leo, nyingi zikiwa za mchepuo wa Kiingereza, ni kizazi kingine kabisa.

Hizo nazo hazifanani. Nyingine ni za jimbo au parokia, na hapo paroko ana sauti. Nyingine ni za shirika la masista, na hapo anayeamua ni mama mkuu wa shirika na bodi ya shule. Paroko anaweza kukuandikia barua nzuri tu. Nyingine zina jina la mtakatifu getini lakini ni za mtu binafsi au za taasisi ya hisani. Mfano unaowachanganya wengi uko kwa majirani zetu Arusha: The School of St Jude, iliyoanzishwa na Gemma Sisia kutoka Australia mwaka 2002. Pale mtoto husoma bure kwa fedha za wafadhili na huchaguliwa kwa mtihani na kwa kutembelewa nyumbani, lakini si shule ya Kanisa Katoliki. Nimewahi kumwona baba aliyebeba barua ya paroko na cheti cha ubatizo mpaka huko. Walimpokea vizuri, ila karatasi zake hazikuwa na kazi.

Kwa hiyo nenda shuleni, msalimie karani wa ofisi, uulize maswali mawili: mmiliki wa shule ni nani, na maombi ya kupunguziwa ada hupelekwa kwa nani. Andika majibu.

Jiulize kama ni lazima

Najua hili halipendezi, lakini kamati yoyote yenye akili itakuuliza, afadhali uwe umeshajiuliza mwenyewe. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, shule za Serikali hazitozi ada kuanzia darasa la awali. Kuna sare, madaftari na mchango wa uji au makande, lakini mzigo huo haufanani na wa shule ya kulipia. Ukikopa kwenye kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) ulipe awamu ya kwanza huku hujui ya pili itatoka wapi, unamweka mtoto katika hatari ya kuhamishwa katikati ya mwaka, tena kutoka Kiingereza kurudi Kiswahili. Nimeona watoto wakiyumba kwa sababu hiyo kuliko kama wangebaki walipokuwa.

Anayetaka kumhamisha mtoto kutoka shule ya Serikali afanye hivyo mapema, darasa la kwanza au la pili. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, la saba lina mtihani wa kumaliza, na shule nyingi zikimpokea mtoto mkubwa zitamrudisha darasa moja nyuma kwa sababu ya lugha. Mwaka huo wa ziada nao una ada yake. Uhamisho wenyewe huandikwa kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu wa shule anakotoka namba ya PREM ya mtoto wako kabla ya kufanya lolote.

Ukishapima ukaona bado unataka, endelea.

Piga hesabu mpaka upate pengo

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Mzazi anaandika "naomba msaada kwa kuwa hali yangu ni ngumu". Kamati ina barua thelathini za namna hiyo mezani, na zote ni za kweli. Anayetofautiana na wenzake ni yule anayesema anahitaji kiasi gani, amebakiza kiasi gani, na amepungukiwa kiasi gani. Kile kilichopungua ndicho pengo, na pengo ndilo unaloliombea.

Nitakuonyesha kwa mfano. Takwimu ni za kubuni, wewe weka zako. Chukua mama anayeuza mboga Soko la Mbuyuni, amepanga chumba Pasua, ana mtoto anayeingia darasa la kwanza. Shule inatoza ada 1,200,000 kwa mwaka na chakula 300,000. Sare, sweta, viatu na madaftari ni 180,000. Jumla ni 1,680,000. Mtoto atatembea kwa miguu, kwa hiyo basi la shule halimo. (Ukiweza kutembea, tembea. Nauli ya basi la shule imewatoa watoto wengi shuleni kuliko ada yenyewe, kwa sababu hakuna mfadhili anayependa kulipia gari.)

Faida yake kwa siku ni 9,000, siku 25 kwa mwezi, yaani 225,000. Kodi ya chumba 40,000, chakula 110,000, mkaa na maji na umeme 25,000, marejesho ya kikoba 15,000. Anabaki na 35,000. Kwenye karatasi hiyo ni 420,000 kwa mwaka. Lakini masika yakikolea barabara za kutoka shambani huwa matope, mboga hazifiki kwa wakati, na Januari hakuna mnunuzi. Mama mwenye busara ataandika 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000. Pengo lake ni 1,320,000.

Sasa hilo pengo usilipeleke zima kwa mtu mmoja. Likate. Kaka yake aliye Dar es Salaam ameahidi 300,000. Shule imekubali kupunguza 200,000. Limebaki 820,000, na hizo ndizo anazoziomba parokiani. Kamati ikiona hesabu ya namna hii inaona mtu ambaye tayari amepata washirika wawili. Mfuko mdogo hupenda kuwa mshirika wa tatu. Mfuko huo huogopa kubeba mzigo peke yake.

Usione aibu kuandika kwamba wewe nawe utalipa kitu. Hata Marekani, ambako kuna mifuko mikubwa ya hisani inayosaidia ada za shule binafsi, zikiwemo za Kikatoliki, Children's Scholarship Fund iliyoanzishwa mwaka 1998 hulipa sehemu tu ya ada na kumwachia mzazi sehemu yake. Kwetu nayo ilikuwa kanuni: asiyeweza kutoa fedha hutoa nguvu au mazao. Kuna shule zinazopokea mahindi, maharage au kuni za jikoni zikakatwa kwenye ada ya chakula. Uliza, kwa sababu hilo halibandikwi ukutani.

Na kama kipato chako ni cha msimu, mfano kahawa chache kihambani (shamba la nyumbani), usikubali ratiba ya mtu wa mshahara. Kahawa haitoi fedha Machi. Mwambie mhasibu wa shule ni miezi gani unaweza kulipa, muandikishane, nakala moja ibaki kwako.

Milango ya kugonga, na mpangilio wake

Anza na shule yenyewe. Ulizia punguzo la ndugu wawili au zaidi, punguzo la yatima, na kama kuna nafasi za wafadhili. Muulize mwalimu mkuu ana kwa ana, si kwa simu.

Kisha jumuiya. Mkatoliki asiyejulikana kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani kikundi cha sala cha majirani, hana pa kuanzia, maana barua hupanda ngazi: jumuiya, kigango (tawi la parokia), parokia. Mwenyekiti wa jumuiya ndiye atakayeulizwa "huyu unamfahamu?" Kama huonekani kwenye sala za jumuiya mwaka mzima kisha unatokea na barua ya kusainiwa, atasaini kwa huruma, lakini akiulizwa atajikuna kichwa. Sisemi uende kusali kwa ajili ya ada. Nasema watu husaidia wanayemjua, na jumuiya ndiyo mahali pa kujulikana. Wanaofanya biashara Jumamosi nzima wamweleze mwenyekiti mapema. Tulikuwa na mama wa namna hiyo aliyekuwa akimtuma binti yake na sadaka ya jumuiya kila wiki, na hakuna aliyemtilia shaka.

Parokiani fedha hutoka sehemu nyingi ndogo ndogo: kamati ya Caritas (huduma za hisani za Kanisa), michango ya Kwaresima, WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), UWAKA (umoja wa wanaume Wakatoliki), na mnada. Kwa asiyeufahamu mnada, ni hivi: sadaka za mazao zilizoletwa altareni huuzwa uwanjani baada ya Misa. Nakumbuka mkungu mmoja wa ndizi uliozunguka mikono saba. Kila aliyeununua aliurudisha uuzwe tena, na kuku aliyekuwa amefungwa miguu pembeni akauzwa mara nne bila kutoka pale alipolazwa. Mchana ule tulipata ada ya awamu mbili za mtoto mmoja. Nakueleza ili ujue fedha unayoiomba ina sura gani: ni ya majirani zako, imehesabiwa noti kwa noti.

Baada ya parokia kuna mashirika ya masista na mapadre. Baadhi yana wafadhili wa nje wanaolipia watoto katika shule zao wenyewe, kwa hiyo usiwaombe masista ada ya shule isiyo yao. Halmashauri nayo, kupitia Ofisi ya Ustawi wa Jamii, mara chache hutoa ada ya shule binafsi, lakini barua yake ina uzito kokote uendako. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini iambatishe uthibitisho wake; hao tayari wamehakikiwa, na kazi ya kamati inapungua nusu.

Ukoo nimeuweka mwisho lakini wakati wake una tarehe. Wachaga wanarudi nyumbani Krismasi, na kati ya tarehe 26 na 31 Desemba wajomba, mashangazi na kaka wote wako chini ya mgomba mmoja. Hiyo ndiyo siku ya kikao. Lakini usiwaombe hapo kwa mara ya kwanza, maana kila mtu atakuja amepangiwa mambo: kaburi la babu linajengewa, kuna kipaimara, kuna harusi ya Aprili. Wapigie Oktoba, mmoja mmoja, ukianza na yule anayesikilizwa na wengine. Desemba iwe ya kukusanya, na fedha zilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule huku wote wakiona risiti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ahadi ya Desemba isiyolipwa kabla shemeji hajapanda basi la kurudi Dar ni ngumu kuifuatilia.

Wasio Wakatoliki nao wasiogope. Shule za Kanisa zina watoto wa Kilutheri na wa Kiislamu. Barua ya mchungaji wa usharika, ya imamu, au ya mwenyekiti wa mtaa inatosha kuanzia, hasa kwa msaada unaotolewa na shule yenyewe.

Karatasi

Nunua bahasha ya kaki ya ukubwa wa A4, weka vitu hivi, na toa nakala tatu za kila kimoja:

- cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA. Kama hana, anza leo, maana ndicho kinachochelewesha kuliko vyote. Wilayani huombwa ofisi ya Katibu Tawala;
- barua ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, yenye muhuri wa mtendaji;
- barua ya jumuiya iliyopita kigangoni, na cheti cha ubatizo kama mtoto amebatizwa;
- ripoti mbili za mwisho za shule, au matokeo ya usaili kama anaingia darasa la kwanza;
- fomu ya ada ya shule ya mwaka husika, yenye namba ya akaunti;
- ukurasa wako wa hesabu;
- cheti cha kifo kwa yatima, au barua ya hospitali kama ugonjwa ndio uliofilisi nyumba.

Kwa mama anayelea peke yake, swali la baba litaulizwa. Kama yupo na hatoi matunzo, pita kwanza Ustawi wa Jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlazimu mzazi kumtunza mtoto wake, na elimu ni sehemu ya matunzo hayo. Hata kama baba hatalipa shilingi, barua inayoonyesha kwamba aliitwa inakuondolea maneno ya "mbona baba yake ana bodaboda mbili".

Barua

Ukurasa mmoja, kwa mkono au kompyuta, yoyote inayosomeka. Wasomaji wake wamechoka, wamekaa viti vya plastiki baada ya Misa ya pili. Mfano:

*Kwako Baba Paroko,*
*Kupitia kwa Mwenyekiti wa Jumuiya.*

*Tumsifu Yesu Kristo.*

*YAH: KUOMBA MSAADA WA ADA SH. 820,000 KWA MWAKA UJAO*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Pasua, nauza mboga Soko la Mbuyuni. Mwanangu wa kwanza amefaulu usaili wa kuingia darasa la kwanza. Gharama ya mwaka mzima ni sh. 1,680,000. Mimi nitalipa sh. 360,000 kwa awamu kumi na mbili, kaka yangu ameahidi sh. 300,000, na shule imenipunguzia sh. 200,000. Nimepungukiwa sh. 820,000.*

*Naomba parokia inisaidie kiasi hicho au sehemu yake, na kilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Nitaleta ripoti ya mtoto kila muhula. Niko tayari kutembelewa siku yoyote baada ya saa kumi jioni.*

*Wako katika Kristo,*

Hakuna machozi, hakuna aya tatu za Maandiko. Neno "au sehemu yake" lina kazi kubwa: linaipa kamati njia ya kukubali hata kama haina yote. Na ile sentensi ya akaunti ya shule inafuta shaka ambayo hakuna mtu angekuuliza usoni.

Ipeleke Septemba, isizidi katikati ya Oktoba. Kabidhi kwa mkono na umwombe katibu aandike tarehe ya kupokea kwenye nakala yako. Ukiongea na paroko mwenyewe, mwambie kwa kifupi na umwachie barua. Usimvizie sakristia dakika tano kabla ya Misa, maana atakuitikia vizuri na hatakumbuka.

Wakija kukutembelea

Wanakamati watakuja wawili au watatu, kwa kawaida mwanamke mmoja akiwemo. Hawaji kukupeleleza, ingawa watatazama paa, jiko na godoro. Usihamishe kitu.

Tulikwenda kwa mama mmoja kule juu, nyumba ya mbao, kihamba kidogo. Barua yake ilisema hana mfugo. Tumekaa, tumepewa maji, maongezi yanaenda vizuri, mara ng'ombe akaanza kulia kwa jirani. Akalia tena. Mama akawa anaongea kwa sauti zaidi ili amfunike. Mtoto wake wa miaka mitano, anayechezea mlangoni, akageuka akasema, "Mama, ng'ombe wetu hajapewa majani, anatuita." Tulicheka wote, yeye akiwa wa mwisho, kisha akalia. Alikuwa amemhamisha asubuhi ile.

Ng'ombe yule asingemnyima chochote. Maziwa ya lita mbili tatu kwa siku tungeyaandika kwenye kipato, pengo lingepungua kidogo, basi. Lakini sasa katika kamati kulikuwa na mtu aliyesema, "Kama ameficha ng'ombe, ameficha nini kingine?" Tulibishana saa nzima. Alipata nusu ya alichoomba, na ninaamini angepata zaidi.

Toa kila kitu mezani, hata deni. Deni la hospitali au la mazishi husaidia kueleza kwa nini mwenye nyumba ya matofali hana ada.

Jibu likitoka

Mara nyingi litakuwa chini ya ulichoomba. Turudi kwa mama wa Mbuyuni: tuseme parokia imempa 500,000. Limebaki pengo la 320,000, na ni Novemba. Ana wiki sita. Arudi shuleni na barua ya parokia mkononi, kwa sababu shule iliyokuwa imepunguza 200,000 inaweza kuongeza ikiona wengine wameingia. Aulize kuhusu mahindi. Azungumze na ukoo upya. Kama mpaka tarehe 31 Desemba bado kuna pengo la zaidi ya awamu moja, mimi ningemshauri ampeleke mtoto shule ya Serikali mwaka huo na aombe tena kwa darasa la pili. Wapo wanaonipinga. Wanasema ukishaingiza mtoto Mungu atafungua. Mimi nilikuwa nikikaa kwenye ile ofisi Februari.

Msaada ukipatikana, hakikisha mambo matatu. Malipo yaende kwenye akaunti ya shule, si mkononi mwako wala mwa mwanakamati yeyote. Uchukue nakala ya karatasi ya benki na risiti ya shule, zote mbili. Nimeshuhudia malipo yakiingia kwenye jina la mtoto mwingine wa ukoo huohuo, na ilichukua muhula mzima kurekebisha kwa kuwa mzazi hakuwa na karatasi. Tatu, ujue msaada ni wa mwaka mmoja au wa mpaka darasa la mwisho. Usidhanie. Mingi ni ya mwaka mmoja na huombwa upya.

Kisha ripoti. Kila muhula, Juni na Desemba, peleka nakala ya ripoti ya mtoto kwa katibu, hata kama ameshika nafasi ya thelathini. Tuliwahi kuondoa watoto kwenye orodha kwa sababu ya wazazi kutoonekana. Sikumbuki hata mmoja tuliyemwondoa kwa sababu ya alama.

Mfadhili mgeni

Moshi ina wageni wengi, wanaopanda mlima na wanaojitolea, na wapo wapagazi na waongozaji ambao watoto wao wamesomeshwa na mgeni waliyembebea begi. Jambo jema. Lakini mtu mmoja aliye mbali anaweza kupoteza kazi, kuugua, au kusahau. Ukipata wa namna hiyo mwombe alipe mwaka mzima kwa pamoja kwenye akaunti ya shule, na umjulishe mwalimu mkuu ili mawasiliano yapite shuleni. Picha za mtoto na historia yake usizitume ovyo. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mwanao siku moja atakuwa mtu mzima atakayejiona humo mtandaoni akiwa peku. Anayetaka umtumie fedha kwanza "ya fomu ya ufadhili" ni tapeli, hata akiwa na kalenda ya Askofu ukutani. Msaada wa kweli haulipiwi.

Msaada ukikatika katikati

Hutokea. Ukisikia tetesi tu kwamba mfadhili anajitoa, nenda kwa mwalimu mkuu wiki hiyohiyo. Usisubiri mtoto aitwe mstarini. Omba vitu viwili: amalize muhula akiwa darasani, na deni ligawanywe kwa maandishi. Peleka nakala ya makubaliano hayo parokiani, kwa sababu kamati nyingi hubakiza akiba ndogo ya dharura ambayo haitangazwi kanisani. Kwetu ilikuwa inalala kwenye kasha la chuma pamoja na hostia (mikate ya Komunyo) ambazo hazijawekwa wakfu, na ufunguo alikuwa nao mhazini, mama mmoja mkali ambaye hakuwahi kumpa mtu asiyekuwa na risiti ya awamu iliyotangulia.